Hisa ya Kisima Kizee

Gakindu, Jumanne 4 Machi 2025

Mama Judy,

Sasa nimepata karatasi ingine, tuendelee. Nilikuwa nimefika pale huyo mtu wa kampuni ya mafuta anatoa chupa kwa mkoba, na hapo ndio karatasi iliisha, na Phyllis akaninyang'anya barua ati parachichi zake zitaiva kwa gari kabla zifike soko ya Nkubu. Simu sitaki. Simu yako inashikwa na Judy, na mtu ako na mimba haambiwi kila kitu.

Basi. Huyo mtu anaitwa Hezekiah. Ni mnene kidogo, na viatu yake ni safi kama hajawahi kanyaga Gakindu, na ni kweli hakukanyaga, gari ilimleta mpaka mlango ya kanisa. Tulikuwa akina mama wote wa kikundi. Akaweka chupa juu ya meza. Ndani ni mchanga umelowa mafuta nyeusi, ile ya kutoka chini ya ardhi. Akasema, akina mama, hii ndio kisima kizee. Akamwaga maji ya kawaida, mafuta kidogo ikapanda, halafu ikakataa. Akasema visima zote za zamani ziko hivyo. Watu hutoa ile rahisi wanaenda, na ile imebaki chini ni mingi kuliko ile ilitoka, imeshika mawe vile ukoko unashika sufuria. Sasa kampuni yao iko na maji ingine ya dawa. Unaisukuma chini na shimo hii, inaosha mawe, mafuta inatokea kwa shimo ingine kule mbali. Kisima ilikuwa imekufa inaamka. Na wenye watanunua hisa saa hii ndio watakula na hiyo kisima mpaka wajukuu.

Nikamuuliza, "Sasa bwana, hiyo dawa si ni Omo tu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama, wewe umeelewa kuliko mainjinia wetu."

Halafu akamwaga hiyo dawa, akafunga kifuniko, akaketi. Mama Judy, mimi nimeona vitu, nilizaa kwa shamba ya kahawa mvua ikininyeshea, lakini hiyo sikuwa nimeona. Mafuta ilipanda yote. Ilipanda polepole vile mtu anaamka na hataki. Mchanga ikabaki nyeupe kama meno. Ngendo, yule huongea mpaka kwa sala, akasogea akagonga chupa na kidole.

Watu wakienda akaniita kando. "Wewe ndio mama ya Kinuthia." Mimi sikuwa nimemwambia. Akasema kijana yangu ako huko kwa visima zao, kaskazini, ng'ambo ya mpaka, na ni yeye anashika pampu ya kusukuma hiyo maji. Akanipatia barua. Miezi saba bila neno, na sasa barua. Ni ya taipu. Nakuandikia yote, ni fupi:

"Mama mpendwa, mimi ni mzima. Kazi ni nzuri. Nakushauri uweke shamba la juu katika hisa za kampuni bila kuchelewa. Teknolojia hii ina faida kubwa. Mwanao, Kinuthia."

Nililia mpaka kuku ikatoroka. Shamba ya juu unaijua, ni ile baba yangu aliniachia, na hapo ndio amezikwa. Hezekiah anasema nikitia kidole kwa fomu, Kinuthia anaongezewa cheo na anapewa likizo aje nyumbani. Mwambie Judy bwana yake ako hai.

Wacha nikaangalie githeri, inanuka kuungua.

Ni mimi Wakonyo, Mama Kinuthia


Nkubu, 9 Machi 2025

Mama Kinuthia,

Tumepokea salamu, na Judy ako sawa, miguu tu ndio imevimba. Barua nimeisoma mara mbili, na sijamwambia bado. Utanikasirikia lakini wacha niseme.

Kinuthia alikaa kwangu wiki mbili kabla aende hiyo kazi. Nilikuwa namsikia kwa simu na wewe kila jioni. Hajawahi kukuita mama. Anakuita "msichana yangu", na wewe unamwita baba, juu ako na jina ya baba yako. Mara ya kwanza nilishangaa, kijana wa miaka ishirini na sita anauliza mama yake, "Msichana yangu, umekula?" Halafu nikazoea, nikaona ni vile mko. Sasa hiyo "Mama mpendwa" ilitoka wapi? Mtu anaweza sahau nyumba, anaweza sahau bibi. Vile anaita mama yake hasahau.

Mimi sisemi hiyo kisima ni uwongo. Nilimuuliza ndugu yangu Mbaabu, yule huchimba maji, na akasema ni kweli, visima za zamani husukumwa hivyo na watu hupata faida. Lakini akasema, "Kathure, hakuna kitu inatoka chini bure. Lazima kitu iingie ndio ingine itoke, vinginevyo kunaanguka." Hiyo neno imekataa kunitoka.

Usitie kidole bado. Muulize Kinuthia kitu yenye ni yeye peke yake anaijua. Andika na mkono yako, funga na gundi, mpe Hezekiah apeleke. Akijibu sawa, mimi mwenyewe nitakuja Gakindu nikushikie huo mkono ukitia kidole.

Kathure, Mama Judy


Gakindu, 13 Machi 2025

Mama Judy,

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo asubuhi, saa nne ikaisha.

Nimefanya vile umesema. Nimeandika hivi: "Baba, ni mimi msichana yako. Siku uliondoka na gari na mimi nikabaki nikilia kando ya barabara, uliniwekea nini kwa mkono?" Basi, hakuna ingine. Nimefunga na gundi ya viatu, ukitaka kuifungua lazima upasue.

Jibu ni peremende ya kikohozi. Siku anaenda, pale barabarani, alinipatia peremende ya kikohozi, akasema, "Nyonya hii, msichana yangu, uwache kelele." Tulikuwa sisi wawili tu. Akisema peremende, ni yeye.

Hezekiah ameichukua akaitia kwa mkoba. Niliuliza itachukua siku ngapi, akasema, "Inategemea iko mbali kiasi gani chini." Nikafikiri amekosea Kiswahili. Hawa watu wa viatu safi wamezoea Kizungu.

Ingine sasa, hii usicheke. Ngendo ametia kidole. Hana shamba, unajua alifukuzwa na wakwe, lakini Hezekiah alikuwa na fomu ingine fupi ya wenye hawana kitu. Tangu hiyo siku anasema jikoni yake inanuka tumbaku. Ile ya kunusa, ya mama mkwe yake, na huyo mzee alizikwa miaka kumi imepita. Nikamwambia, "Ukimuona muulize alificha wapi ile sufuria ya kikundi ya kupikia harusi." Kila mtu alicheka, yeye akacheka pia, lakini akaniomba nisimwache peke yake mpaka amalize kupika.

Nisalimie tumbo ya Judy.

Wakonyo


Gakindu, 3 Aprili 2025

Mama Judy,

Jibu imekuja. Kaa chini, na Judy asione hii.

Si ya taipu. Ni ya kalamu ya risasi, kwa karatasi yangu yenyewe, upande wa nyuma, na bahasha ilikuwa imefungwa na gundi yangu kama vile nilifunga. Karatasi ilikuwa inateleza kwa vidole kama imepakwa sabuni. Nakuandikia neno kwa neno.

*Tarehe hapa haiko.*

*Msichana yangu,*

*Karatasi yako imenifikia. Umeniita baba nikaitika. Nilikuwa sijaitwa siku nyingi.*

*Unauliza siku nilibebwa na lori ya kahawa nilikuwekea nini kwa mkono. Ni vitunguu tatu za itoka. Nilikuambia upande kwa mpaka, hatua ishirini kutoka njia, ndio ndugu zako wasikunyime kwa vile hukuolewa. Wewe ulipanda hatua ishirini na nne. Sijakasirika. Huku chini hakuna mpaka.*

*Tulikuwa tumelala. Halafu maji ikaanza kuja na kando. Si ya mvua. Inateleza, inaosha, inatutoa kwa mawe mmoja mmoja. Wengine hawataki kutoka. Hata mimi sikutaka, nilikuwa nimezoea. Lakini mtu akiingia, mwingine lazima apande.*

*Kijana wa jina yangu aliingia mwezi wa nane. Pampu ilimvuta. Amelala pale nilikuwa nimelala. Analala vibaya, anakuita.*

*Mimi sasa niko karibu na juu. Ukiuza shamba, nitarudia wapi?*

*Kinuthia*

Basi imeisha hapo.

Mama Judy, baba yangu alibebwa na lori ya kahawa mwaka wa tisini na nne, akaenda hospitali, hakurudi na miguu. Mimi nilikuwa kando ya barabara nikilia. Akaniwekea kwa mkono vitunguu tatu za itoka, lile ua tunapanda kwa mpaka, na hakuna mtu ataling'oa juu ni laana. Na ni kweli niliongeza hatua nne kwa upande wa ndugu yangu. Nilipanda peke yangu, kabla ya watu kuamka. Sijaambia pasta, sijaambia Kinuthia, wewe ndio wa kwanza. Na hiyo K ni yake. Alisomea ngumbaru akiwa mzee, K yake ilikuwa inaangalia nyuma mpaka akakufa.

Nilifanya makosa. Nilipaswa kuandika Kinuthia wa mwaka gani. Mimi niliandika "Baba" vile nimezoea, na mwenye jina akaitika.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaosha uso nikaanza kufikiria, na sikia vile nimefikiria. Wewe mwenyewe uliniandikia maneno ya Mbaabu, kitu ikiingia ingine inatoka. Baba anasema hivyo hivyo. Kwa hivyo huko chini si mwisho. Kijana yangu aliingia, anaweza kutoka. Ni vile tu kampuni ikose kusimama, isukume, iendelee kusukuma. Na kampuni inasukuma na hisa za watu. Sasa unaona vile hii shamba inaweza kufanya kazi.

Usinijibu haraka. Fikiria kwanza.

Wakonyo


Nkubu, 8 Aprili 2025

Mama Kinuthia,

Nimefikiria. Nimefikiria nikiwa nimesimama nje ya wodi, juu Judy alizaa Jumapili. Ni kijana. Ako na masikio ya Kinuthia, hata daktari alicheka vile yamesimama. Hana jina bado. Judy anasema baba yake atakuja kumpatia.

Na mimi najua sasa hatakuja, na wewe unajua. Hiyo barua sielewi ilitoka wapi na sitaki kuelewa. Niliishika ile nakala yako tu na nikaosha mikono. Lakini kitu moja nimeelewa: Kinuthia alivutwa na pampu mwezi wa nane na hakuna mtu wa hiyo kampuni alituambia. Walikuletea taipu. Hiyo tunaweza kulilia mchana, watu wakiona, pasta akiwa hapo. Hiyo ni kifo kama kifo ingine, na watu wetu wanajua kuibeba.

Lakini hiyo hesabu yako inanitisha kuliko barua. Unasema wasukume ndio atoke. Sawa. Nani ataingia?

Jibu hiyo kabla ushike fomu. Ni mtoto wa nani, Mama Kinuthia? Ni wa mama gani?

Kuja Nkubu. Kuja uoshe mjukuu yako, bado ni mdogo anatoshea kwa karai. Ningekuja mimi lakini Judy hajapona mshono na hakuna mtu wa kumshika. Phyllis amekubali utakaa mbele kwa gari, si nyuma na parachichi.

Kuja tu.

Kathure


Gakindu, Jumanne 22 Aprili 2025

Mama Judy,

Masikio yamesimama, ati. Basi ni ya baba yangu, ilianza na yeye. Nimefurahi mpaka nimepikia kikundi chapati siku ya Pasaka na hakuna mtu anajua ni ya nini.

Uliniuliza nani ataingia. Nimejibu, lakini wacha nianze na Ngendo.

Ngendo alienda wiki iliyopita. Hezekiah alikuja na gari, akasema mwenye hisa ako na ruhusa ya kwenda kuona kisima, na Ngendo ni mtu wa kupenda gari, akavaa kitambaa mpya akapanda mbele. Hajarudi. Ijumaa Kuu nikaenda kwake kuangalia mbuzi. Nikapata mama mkwe yake ameketi uwanjani anachambua maharagwe.

Mama Judy, sikutoroka. Nilimsalimia. Ni yeye kabisa, mpaka lile jino la mbele limekatika. Isipokuwa amesafishwa. Ngozi ni nyeupe kidogo, kama ule mchanga, na hakuna vumbi inamshika, ameketi kwa udongo na nguo yake haina udongo. Akaniuliza, "Ngendo ako wapi? Alinipita tukikutana njiani na hakunisalimia." Nikamwambia atakuja. Watu wanapita hapo wanamsalimia kama alikuwa tu kwa binti yake kule Wamagana. Wanaogopa kuuliza, na mimi sikuuliza ya sufuria.

Kwa hivyo ni kweli, na inafanya kazi. Hiyo ndio nilikuwa nataka kujua.

Hezekiah akaja Jumamosi na fomu ya shamba. Nikamwambia, bwana, tuwache mchezo. Kijana yangu ako chini. Nikiweka shamba atatoka? Akaniangalia sana. Hakukataa, hakushtuka. Akasema, "Shamba inanunua maji tu, mama. Maji peke yake haitoi mtu."

Nikamwambia, "Basi lete ile fupi."

Akairarua ile ndefu hapo hapo, akatoa ile fupi. Ni mistari tatu. Nimetia kidole. Nimekataa kuonyesha pasta.

Usilie. Mimi niko na hamsini na mbili, nimekula, nimecheka, nimesema maneno ya watu wote wa Gakindu na mengi ilikuwa kweli. Kinuthia ako na mtoto hajamshika. Hiyo si hesabu ngumu hata kwa mtu aliachia darasa la tatu. Na usiseme ningekuja nilie na nyinyi. Ningelia vizuri kama hakungekuwa na mlango. Mlango uko.

Shamba ya juu imebaki, haijaguswa, ni ya huyo mtoto. Itoka nimeirudisha hatua nne, jana, ndugu yangu akiniangalia na mdomo wazi. Sikumweleza. Kuku ni za Judy. Jogoo ni mwizi, muile.

Mtoto msimpe jina ya Kinuthia. Hiyo jina iko na watu wengi huko, na mtu akiita hajui nani ataitika. Mpeni jina mpya, yenye haijazikwa na mtu.

Sasa hii ndio ya maana. Baba aliandika ako karibu na juu, kwa hivyo pengine yeye ndio atatangulia. Nitamwambia awache kijana apite, na yeye hunisikia, nilikuwa kipenzi. Lakini chini ni giza na maji inasukuma, sijui kama watu hupeana nafasi. Kwa hivyo mtu akija hapo kwa mlango yako akiwa safi sana, msimuulize maneno. Mpeni chakula kwanza. Halafu Judy atoke na mtoto asimame mbele yake. Akimwita Judy, ni yeye, na mimi sina deni na mtu. Akiuliza huyu msichana ni nani, basi ni baba yangu. Mpeni uji na mumletee kiti. Hana ubaya, na huku juu hana mtu mwingine.

Phyllis atakuletea hii kesho. Na wacha nikuambie ya Phyllis mwenyewe kabla nisahau, lakini asijue ni mimi. Unajua yule mwanaume wa posho mill, yule hujifanya ameokoka? Jumamosi Phyllis alienda kuchukua unga yake, akapata mlango umefungwa na mashine inanguruma, akasukuma na bega, na hapo ndani akapata

ngoja, Hezekiah ananiita kwa gari, anasema niwache kalamu